Kujiua: Kazi ya marehemu nayo iulizwe

TAARIFA za watu kujiua zinapotolewa, sababu hutajwa kwa maneno mawili matatu: wivu wa mapenzi, ugumu wa maisha, msongo wa mawazo. Kazi ya marehemu hutajwa pia, lakini kama anwani tu. Ni nadra kuulizwa ilimtendea nini.

Buswelu, makao ya Manispaa ya Ilemela mkoani Mwanza, ni mahali pazuri pa kuuliza. Wapo walimu, askari, watumishi wa halmashauri, waendesha bodaboda na, mwendo mfupi kutoka hapo, wavuvi wa Ziwa Victoria. Mizigo yao haifanani. Mvuvi hulipwa kwa kadiri ya alichovua, na mara nyingi mtumbwi na nyavu ni vya tajiri. Dagaa wakiadimika, deni halisubiri. Bodaboda wa mkataba hupeleka hesabu, iwe mvua au jua. Mwalimu ana mshahara wa uhakika, na ndiyo maana wakopeshaji wa "kausha damu" humfuata, wengine wakishikilia hata kadi yake ya benki.

Mshahara na elimu, kumbe, si kinga. Uchambuzi wa tafiti za nchi 20 uliochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2024 ulionyesha kuwa madaktari wanawake hujiua kwa kiwango kinachozidi cha wanawake wengine kwa asilimia 76. Kwa daktari, kama kwa askari, kukiri kuzidiwa huonekana ni kukiri kutofaa kazini.

Kwa wakulima, Sri Lanka imetoa funzo kubwa. Ilipiga marufuku viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, na kati ya 1995 na 2015 vifo vya kujiua vilipungua kwa takriban asilimia 70. Mikoa ya pamba ingepaswa kulitazama jambo hilo kwa makini.

Sheria nayo inazuia. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kimelifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Anayehitaji tabibu anaogopa polisi. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kuwa kifungu cha aina hiyo kinakiuka Katiba.

Mtumishi wa umma ana ofisa utumishi wa kumwendea. Mvuvi ana kamati ya mwalo wake, bodaboda ana kijiwe. Huko ndiko mwenzao aliyenyamaza ghafla hugundulika mapema. Hospitali ya Bugando inatibu magonjwa ya akili. Kinachokosekana ni mtu wa kumsindikiza hadi mlangoni.