Setilaiti ya Wanafunzi Si Kichezeo



Kila ikitajwa setilaiti ya chuo kikuu, hakosi mtu wa kudakia: "Hospitali hazina dawa, nyinyi mnarusha vichezeo angani!" Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi kwenye wadi isiyo na glavu, basi wengi hudhani nitaitikia amina. Siitikii. Glavu zilikuwa hazipatikani miaka mingi kabla Kenya haijawa na setilaiti hata moja. Waulizeni wenye zabuni.

Tuzungumze kitu chenyewe. 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilikuwa kisanduku cha sentimita 10 kila upande, kilichojengwa pamoja na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma. Iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga tarehe 11 Mei 2018, na nafasi hiyo ilitolewa bure na Japani na Umoja wa Mataifa. Ndiyo setilaiti ya kwanza ya Kenya. Leo haiko tena. Vyombo vidogo vikiachiliwa kwenye kimo kile cha kilomita 400 hivi havidumu. Hewa nyembamba huvirudisha chini taratibu mpaka viungue.

"Sasa faida yake nini?" Jamani! Chuoni tulijifunza kutafuta mshipa kwenye mkono wa plastiki. Sikumsikia mtu akiuliza kama ule mkono ulipona malaria. Anayejenga setilaiti hujifunza kupima nguvu ya betri, kukinga vifaa na joto na baridi kali, na kumwangalia mgonjwa asiyeweza kumgusa. Chombo hupita juu ya kituo kwa dakika chache tu. Katika dakika hizo unasoma joto lake na chaji yake, unatuma amri, mara kimeshazama upeoni. Hiyo ni zamu ya usiku hasa, na haifundishwi kwa chaki.

Kinachoniudhi ni kurusha mara moja, kupiga picha na waheshimiwa, kisha kimya. Tazameni Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani. Mkupuo wa kwanza wa mpango wao wa BIRDS ulikwenda angani 2017, Ghana na Nigeria zikiwemo. Wa tano, 2022, ulikuwa na Uganda na Zimbabwe. Wanafunzi walewale wanabuni, wanajenga na wanaendesha, na wengine wako nyuma yao tayari. Lakini kijana wetu afuate maabara Japani mpaka lini?

Nasema kwa uchungu wa mtu wa pwani. Pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walirusha setilaiti kutoka baharini tangu 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa pale setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Wakaiita Uhuru, kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu yetu. Bahari yetu, jina kwa lugha yetu, na sisi watazamaji! Kisha ikapita zaidi ya miaka 47 ndipo tupate kile kisanduku.

Mtaniambia kuna Taifa-1 ya serikali, iliyorushwa Aprili 2023 kwa msaada wa kampuni ya Bulgaria. Hongera kwao, ila ile si shule. Wabunge wa pwani, simameni muulize: mkataba wa Ngomeni unasomesha vijana wangapi kujenga setilaiti kila mwaka, na wangapi wametoka Kilifi?