Hosi za Chuma Hazitakusimamisha Mbele ya Ngamia

Wasee, tuongee kuhusu hizi hosi za breki zilizosukwa kwa waya wa chuma. Siku hizi ukifungua video tatu za magari, moja kuna jamaa amelala chini ya Subaru akionyesha hosi zinazong'aa, nyekundu ama buluu, akisema breki zake sasa "zinauma". Na huku kwetu Wajir Kaskazini, vijana wanaokimbiza Probox kati ya Buna, Wajir na Moyale wameanza kuuliza kama wachange doo wanunue. Jibu langu ni fupi: bado. Kwa magari mengi tunayoendesha huku, hiyo pesa iko na kazi muhimu zaidi kwenye gari hilo hilo.

Kwanza tuelewe hosi inafanya nini. Ukikanyaga breki, mguu wako unasukuma mafuta ndani ya masta silinda. Mafuta yanapita kwenye paipu hadi kwa kalipa, kalipa inabana padi kwenye diski, gurudumu linapunguza mwendo. Sehemu kubwa ya hizo paipu ni chuma tayari, tangu kiwandani. Mpira uko mahali pachache tu, karibu na magurudumu, kwa sababu gurudumu linapanda na kushuka kwenye mashimo, na lile la mbele linakata kona. Paipu ngumu hapo ingevunjika. Kwa hivyo mtu akikwambia amebadilisha "laini zote za breki", mara nyingi amebadilisha vipande vichache visivyozidi urefu wa mkono.

Mpira ukipata presha unavimba kidogo. Hosi ya waya ndani yake iko na mrija wa tefloni, na nje umezungushiwa waya wa chuma kisichoshika kutu, kwa hivyo haivimbi sana kama mpira. Matokeo yake ni kwamba pedali inakuwa ngumu mapema, na mguu unasoma vizuri kile breki inafanya. Hiyo ni kweli na sitabishana na mtu juu yake.

Lakini kuhisi ni kitu kimoja, na kusimama ni kingine. Gari halisimamishwi na hosi. Linasimamishwa na tairi zinazoshika barabara. Jaribu hivi: tafuta uwanja mkubwa ulio wazi, pasiwe na mtu wala mbuzi, nenda polepole kama kilomita 30 kwa saa kwenye changarawe, halafu kanyaga breki kwa nguvu zako zote. Kama gari lina ABS, utaisikia ikitetemeka mguuni. Kama haina, magurudumu yatajifunga na utateleza. Maana yake ni nini? Breki zako tayari ziko na nguvu ya kushinda tairi. Ukiongeza hosi ya laki moja, tairi bado ni ile ile, changarawe ni ile ile, na utateleza vile vile.

Na huku kwetu changarawe ndiyo barabara. Ukitoka Buna kwenda upande wowote, unapambana na vumbi, mawe, matuta ya mchanga na ile mikunjo inayotingisha gari mpaka meno. Tairi haishiki hapo kama inavyoshika lami. Juu ya hiyo, barabara si yako peke yako. Kuna ng'ombe, kuna mbuzi, na kuna ngamia, ambaye usiku rangi yake inafanana na vumbi. Miguu yake ni mirefu, ukimgonga kwa gari dogo mwili wote unakuja kwa kioo. Kila mtu wa huku anajua familia iliyofiwa hivyo.

Sasa piga hesabu ya huyo ngamia. Ukiwa kilomita 80 kwa saa, kila sekunde moja unakula mita 22. Ukiwa 100, unakula karibu mita 28. Hiyo ni kabla hata mguu haujafika kwa breki, ukiwa bado unajiuliza kama hicho ni kichaka ama ni mnyama. Ukipanda kutoka 80 hadi 100, nguvu ambayo breki lazima ziimeze inaongezeka kwa zaidi ya nusu, kwa sababu inapanda kwa mraba wa mwendo. Hosi ngumu ikikuokolea muda, ni kipande kidogo sana cha sekunde. Kupunguza mwendo wakati wa usiku kunakuokolea zaidi ya hapo, na ni bure.

Mtu ataniuliza: mbona basi wale waliobadilisha wote wanaapa kwamba breki zimekuwa moto? Hawadanganyi. Ila hawakubadilisha kitu kimoja. Huwezi kutoa hosi bila kumwaga mafuta ya breki. Kwa hivyo fundi alipofunga hosi mpya, aliweka mafuta mapya na akatoa hewa kwenye mfumo wote. Mara nyingi alikuta na padi zimekwisha, akaweka mpya siku hiyo hiyo. Na hosi zilizotoka zilikuwa zimezeeka. Yaani mambo matatu ama manne yalibadilika kwa pamoja, halafu sifa zote zikapewa ile hosi ya rangi kwa sababu ndiyo inaonekana kwa kamera. Ukitaka kujua ukweli, anza na mafuta mapya na kutoa hewa peke yake. Endesha wiki moja. Halafu uniambie kama bado unaona haja ya hosi ya waya.

Tuseme kidogo kuhusu hayo mafuta, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wamelala. Mafuta ya breki ya kawaida yananyonya unyevu kutoka hewani, pole pole, mwaka baada ya mwaka. Mafuta mapya ya DOT 3 yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 inaanza na 230, ikizeeka ni 155. Sasa chukua gari lililojaa watu na magunia, literemke Mlima Marsabit kwenye ile lami ya kwenda Isiolo, dereva amekanyaga breki njia yote badala ya kushuka gia. Breki zinapata moto, mafuta yaliyozeeka yanachemka, yanatoa mvuke. Mvuke unabanika kama hewa ya puto. Pedali inaenda mpaka chini na gari haliskii. Hosi ya waya haizuii hiyo kitu hata kidogo. Mafuta yanatakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, na chupa moja ni pesa ndogo ukilinganisha na tanki moja la petroli. Uliza madereva watano walio karibu nawe walibadilisha lini. Utashangaa.

Halafu kuna umri wa magari yenyewe. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limepita miaka minane. Watu wengi wananunua lile lililo karibu na mwisho huo kwa sababu ndilo bei nafuu. Kwa hivyo gari likishuka Mombasa, hosi zake zinaweza kuwa na miaka saba tayari, halafu sisi tunaliendesha miaka kumi mingine kwenye jua la Wajir bila kuziangalia. Mpira unazeeka. Unapasuka nje, na wakati mwingine unavimba ndani mpaka njia ya mafuta inaziba. Hapo unakuta mafuta yanaenda kwa kalipa lakini hayarudi vizuri, breki ya upande mmoja inabaki imeshika, gurudumu linapata moto, gari linavuta upande. Mafundi wengine wanaharibu hosi nzima kabisa: wanabana mpira kwa koleo ili mafuta yasimwagike, ama wanaacha kalipa inaning'inia kwa hosi kama mzigo. Ukiona hivyo, sema. Gari ni lako, na watu unaobeba ni wako pia.

Kwa hivyo kama hosi zako zimezeeka, badilisha, tena haraka. Lakini hosi mpya ya mpira, ile ya kampuni iliyotengeneza gari, itakurudishia breki kama zilivyotoka kiwandani. Na hiyo inatosha kwa Probox, kwa Demio, kwa karibu kila gari la Buna.

Niwe muungwana na upande wa pili, kwa sababu kuna watu wanaohitaji hosi za waya kweli. Kama umeinua Land Cruiser ama Prado yako, hosi za kiwandani zinaweza kuwa fupi. Gurudumu likining'inia kwenye mtaro, hosi inavutika, na siku moja itakatika. Hapo unahitaji hosi ndefu zaidi, na zile ndefu nyingi zinatengenezwa kwa waya. Nunua bila kusita. Magari ya mashindano, kama yale tunayoona Naivasha tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, yanazitumia kwa sababu dereva anakanyaga breki kwa nguvu siku nzima na mawe yanaruka chini ya gari. Lakini hayo magari yanafunguliwa na kukaguliwa na mafundi kila mara. Lako linakaguliwa lini?

Hilo swali si dogo. Hosi ya waya ikianza kuharibika ndani, huwezi kuona nyufa kama unavyoziona kwenye mpira. Kama haina ngozi ya plastiki juu yake, vumbi na mchanga vinaingia katikati ya waya. Ikigusana na paipu ama chesisi, inasugua kama msasa mpaka kitu kimoja kitoboke. Na zile za bei ya kutupa, zisizo na alama yoyote ya viwango, hujui ile ncha imekazwa vipi. Ncha ikichomoka ukiwa kwa mwendo, hisia nzuri ya pedali haitakusaidia. Rangi nyekundu si ushahidi wa ubora.

Sasa ukiwa na pesa mkononi, mpangilio wangu ni huu. Anza na tairi, kwa sababu hazina mbadala: zisiwe vipara, na presha iwe sawa na mzigo. Halafu angalia padi na diski. Mwambie fundi akaze breki za dramu za nyuma, maana zikilegea pedali inaenda mbali, na watu wengi wanadhani shida ni hosi. Badilisha mafuta, toa hewa yote. Kagua hosi, na kama zimepasuka weka mpya za mpira.

Na kuna kipimo unaweza kufanya mwenyewe leo jioni gari likiwa limesimama na injini inawaka. Kanyaga pedali na uishikilie. Kama inazama pole pole hadi chini, kuna mahali panavuja ama masta silinda imechoka, usibebe mtu mpaka fundi aione. Kama ukipampu mara mbili tatu inapanda na kuwa ngumu, kuna hewa ndani ama dramu zimelegea. Shida zote hizo mbili haziponi kwa kununua hosi ya waya.

Ukishamaliza hayo yote, na bado una pesa, na unataka pedali yako iwe kali kama ya wale jamaa wa video, nunua. Hakuna dhambi, gari ni raha pia. Lakini usimwambie abiria wako kwamba umeongeza usalama. Umeongeza hisia. Usalama wake uko kwenye tairi zako, kwenye ile chupa ya mafuta ya breki, na kwenye mwendo unaochagua jua likishazama na mifugo ikiwa bado barabarani.