Gunia la Chumvi Lifungwe

Dukani mtu anatafuta tarehe kwenye chupa ya mafuta, ananusa unga, anabonyeza nyanya moja moja. Halafu anamalizia, "Nipe na chumvi," na kupokea chochote anachopewa. Kitu kinachoingia katika kila sufuria ya nyumba hiyo mwaka mzima ndicho pekee ambacho hakikuangaliwa.

Ndiyo maana sokoni bado kuna gunia lililokaa wazi kando ya njia, muuzaji akichota kwa kopo na kufunga kwenye mfuko. Chumvi hiyo inakoleza mchuzi, hakuna anayebisha. Ila mara nyingi haina madini joto (iodini), na hata kama iliwekewa ilikotoka, jua na unyevu vinayapunguza. Yanatoweka kidogo kidogo kama harufu ya kahawa kwenye kopo lisilo na mfuniko.

Mwili unayahitaji madini hayo ili tezi la shingo litengeneze homoni zake. Yakikosekana, mtu anaota rovu, na hilo angalau linaonekana. Baya zaidi halionekani. Mjamzito anayeyakosa, mimba yake inaweza kuharibika, au akajifungua mtoto ambaye ubongo wake haukukua inavyotakiwa. Mtoto huyo ataitwa mzito darasani, na huenda akachapwa kwa kosa lisilo lake. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 tu kwa siku, mjamzito 250. Ni kiasi kidogo kuliko punje, lakini kinatakiwa kila siku, na chumvi ndiyo iliyochaguliwa kukibeba kwa sababu tajiri na maskini wote wanaila.

Sasa visingizio. Pwani tunaambiwa: "Hii yetu ni ya bahari, ina kila kitu." Haina. Samaki wa baharini wana madini joto, mwani unayo, lakini maji ya bahari yakikaushwa na jua mpaka yakawa chumvi, yanayobaki humo ni machache mno. Anayebisha atazame Zanzibar. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta upungufu wa madini joto Unguja na Pemba, na Pemba ndiko hali ilikuwa mbaya zaidi. Bahari kila upande, chumvi inavunwa pale pale kisiwani, na bado watu walikuwa na upungufu! Bahari haikuwasaidia, na chumvi waliyoila mara nyingi haikuwekewa kitu.

Wenye uwezo nao wana chao: chumvi ya waridi ya Himalaya, inayochimbwa Pakistani. Rangi ile inatokana na chuma, na nyingi ya chumvi hiyo haina madini joto yaliyoongezwa. Iwekeni mezani kama pambo.

Na bei? Pakiti ya nusu kilo kwa kawaida haifiki bei ya soda. Tuendelee.

Nunua iliyofungwa, kavu, iliyoandikwa madini joto na yenye nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Nyumbani imimine kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, mbali na moto na dirisha. Itie chakula kinapokaribia kuiva, kwa sababu moto wa muda mrefu nao unapunguza madini. Wala usiizidishe kwa kisingizio cha afya: mtu mzima anatakiwa asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo hesabu pia chumvi iliyojificha kwenye vidonge vya mchuzi.

Lakini tusimwachie mama mwenye kikapu mzigo wote. Tangu miaka ya 1990 kanuni za Tanzania zinataka chumvi ya kula iwekewe madini joto. Wenye mashamba ya chumvi, kuanzia Tanga na Bagamoyo hadi Lindi na Mtwara, wanalijua hilo. Mzalishaji mdogo hahitaji kiwanda: maji yenye madini joto hunyunyiziwa kwa bomba la mgongoni, lile lile la mkulima, mradi achanganye vizuri na kufungasha kwenye kitu kisichopitisha unyevu. Anayeshindwa na hata hilo hajajaribu.

Na maafisa afya wetu, wanaopita sokoni kukagua nyama na vyoo, mbona gunia la chumvi wanaliruka? Kipimo chake ni kichupa kinachoenea mfukoni. Tone moja juu ya chumvi, na kama madini yamo, rangi inageuka kuwa bluu au zambarau hapo hapo, mbele ya muuzaji na wateja wake. Kipite kila soko la wilaya, kila mwezi.

Chumvi isiyogeuka rangi isitupwe, ina kazi yake: ikahifadhi ngozi za ng'ombe. Kwenye chakula cha watu haina nafasi.