Duka la Kale Litatoa Wapi Maegesho?
Tabora ilikua kwa miguu. Misafara ya pembe za ndovu kati ya Bagamoyo na Ujiji ilitua hapa, Unyanyembe, na reli ilipofika mwaka 1912 maduka yakazidi kubanana: baraza mbele, ua mdogo nyuma, gari halikuwa mawazoni mwa mtu. Leo ukitaka kuligeuza duka la aina hiyo liwe zahanati au nyumba ya wageni, unaomba kibali cha kubadili matumizi, na viwango vya mipangomiji vinadai maegesho. Uyatoe wapi, uvunje nusu ya jengo? Hapo ndipo tingatinga linapoanza kuonekana nafuu. Na magari yenyewe ni ya nani? Tazama baraza moja tu asubuhi: fundi na cherehani yake, baiskeli zimeegemezwa nguzoni, bodaboda inamshusha mama na dumu lake la asali. Los Angeles, mji unaoabudu gari kuliko mingi, mwaka 1999 iliruhusu majengo ya kale ya katikati ya mji kugeuzwa makazi bila kuongeza maegesho, na maofisi yaliyokuwa matupu yakapata wakaaji. Lakini ya nini kwenda mbali? Hoteli za Mji Mkongwe, Zanzibar, zimo vichochoroni na wageni wanafika. Manispaa ya Tabora ifute sharti la maegesho kwa jengo la kale lisiloongezwa ukubwa. Kama hofu ni msongamano, kinachohitaji kupangiwa saa ni malori ya kushusha saruji, maana hayo ndiyo yanayoziba njia.