Masikio Yaliyozoea Kelele



Wako wenzetu wanaosema kuwa muziki wa mikanda na mitambo ya umeme ni mchezo wa mabwana wa Ulaya, haumhusu mtu wa shambani wala wa kiwandani. Sisi hatukubaliani nao.

Mwaka 1964 mtunzi wa Italia, Luigi Nono, aliingia katika kiwanda cha chuma cha Italsider, Cornigliano, mjini Genoa. Alinasa ngurumo za mitambo na sauti za wafanyakazi wenyewe. Kisha, katika studio ya redio mjini Milan, yeye na fundi Marino Zuccheri waliikata na kuiunga mikanda hiyo mpaka ukapatikana muziki uitwao La fabbrica illuminata. Ukumbini anasimama mwimbaji mmoja tu, mwanamke. Kiwanda kizima kinamjibu kutoka katika vipaza sauti, na mtu aliye kwenye mitambo huipandisha na kuishusha sauti papo hapo. Maneno yake yanataja kuungua, moshi wenye madhara na chuma kilichoyeyuka. Redio ya taifa, ambayo ndiyo iliyouagiza, ikakataa kuutangaza.

Nono aliupeleka kwa wafanyakazi. Alieleza kuwa walipousikiliza walitambua jambo: kila siku walikuwa wakiishi ndani ya kelele ile kama mashine, bila kuona jinsi inavyowaumiza.

Hapo ndipo muziki huu unapotuhusu. Sisi tuliosimama miaka mingi kwenye mashine za mkonge na za kufumia nguo tunaambiwa, "Mmekwisha zoea." Kuzoea huko ni nini? Ni mzee kurudi nyumbani na kushindwa kumsikia mjukuu wake akimwamkia. Sikio halizoei, linakufa.

Msikilizaji wa ukumbini huisikia kelele hiyo kwa muda usiofika nusu saa, akapiga makofi na kwenda zake. Sisi tunaisikia zamu nzima. Kwa hiyo muziki pekee hautoshi. Mkataba Na. 148 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1977, unahesabu kelele kuwa hatari ya kazini. Basi wajumbe wetu watakapokaa na waajiri, pamoja na mshahara waweke mezani viziba masikio, mashine zilizofunikwa na kupimwa masikio kila mwaka.

Mtunzi alitega sikio. Mwajiri naye atege.