Deni la Msomi Lilipwe kwa Utumishi

Tarehe 22 Oktoba, 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu mia nne. Miaka minane baadaye Azimio la Musoma likaagiza kwamba mtu afanye kazi kwanza ndipo aingie Chuo Kikuu. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro na ukaja kulegezwa, lakini hoja yake haipingiki: anayesomeshwa kwa jasho la mkulima ana deni kwa mkulima.

Leo deni hilo limekuwa la fedha tupu. Tangu Bodi ya Mikopo ianze kazi mwaka 2005, mhitimu hukatwa mshahara mpaka amalize. Hazina inapata haki yake. Je, mkulima wa korosho wa Nachingwea na mwenziwe wa ufuta wa Ruangwa wanapata nini? Mtaalamu wa madini hakawii kufika, maana Ruangwa kuna kinywe na Nachingwea kuna nikeli. Lakini wako waganga na walimu wa hisabati wanaoripoti, wakatia saini, kisha wakaanza kutafuta uhamisho. Ndugu zetu wa Songosongo na Mafia wanaifahamu sana hadithi hii. Kwao kisingizio ni bahari.

Hatuwalaumu vijana peke yao. Taasisi ya Benjamin Mkapa, iliyoanzishwa mwaka 2006, imekwisha kuonyesha njia: watumishi wa afya walipelekwa kwa mkataba katika wilaya zenye upungufu, wakapewa mafunzo na motisha, na taasisi ikajenga hata nyumba za kuishi.

Basi tunaishauri Serikali: kwa kila mwaka ambao mhitimu atatumikia Ruangwa, Nachingwea au visiwani, sehemu ya mkopo wake ifutwe. Nafasi zitangazwe hadharani na Halmashauri, zisigawiwe na mjomba aliyeko wizarani. Na nyumba iwe tayari kabla mtumishi hajafika.

Watakaosema kwamba Hazina itapoteza fedha watueleze kwanza ni shilingi ngapi zinazopotea zahanati inapojengwa, ikazinduliwa kwa ngoma, kisha ikakaa bila mganga.