Nauli ya London Inatoka Bumu Gani?

Kuna wenzetu hapa chuoni wanasema ukitazama tamthilia ya muziki kwenye DVD, hujaitazama. Eti mpaka ukumbini. Sawa, nauli ya London inatoka bumu gani?

Mimi nina diski ya Les Misérables, onyesho la 1995 la kutimiza miaka 10, pale Royal Albert Hall. Nakubali kamera inakunyima kitu: inamganda anayeimba, kumbe wewe ulitaka kumwona aliyenyamaza. Lakini deki ya rumeti wangu inarudisha nyuma. Colm Wilkinson, aliyeigiza Jean Valjean, anavyoshusha sauti mpaka karibu ya kunong'ona nimeshamsikiliza mara ngapi! Aliyekaa siti ya mbele alimsikia mara moja tu. Mwakani nitafundisha Fasihi, pengine shule isiyo na ukumbi, na diski hiyo (umeme ukiwepo) ndiyo itakuwa jukwaa letu.

Mwishoni wanapanda akina Valjean 17 wa nchi mbalimbali, wakiimba kwa lugha tofauti tofauti. Kijapani kimo. Kiswahili hakimo. Hapo huwa nasimamisha diski, namuuliza rumeti: na michezo yetu ya mwaka jana hapa chuoni, nani aliirekodi?